Pipa la rubisi limeota kutu

Wiki hii hatutazungumzia siasa, wala bei ya kahawa, ingawa huko Karagwe nilikokuwa si rahisi kukaa dakika kumi bila kusikia habari ya bei ya kahawa. Nataka tuzungumze juu ya pipa. Pipa la chuma cheupe, linalong'aa, la kutengenezea pombe ya ndizi, na jinsi linavyooshwa. Najua wapo watakaosema kwamba huyu bwana sasa ameishiwa na habari. Nawaomba wavute subira kidogo, kwa sababu ndani ya pipa hilo kuna mkopo wa mtu, kuna ada za shule, na kuna tumbo la yule atakayekunywa kilichomo.

Nilikuwa katika kata ya Kihanga, wilayani Karagwe, mkoani Kagera. Huko, na kwa majirani zao wa Kyerwa, ambao hadi mwaka 2012 walikuwa wilaya moja nao, pombe ya ndizi ni rubisi. Rubisi haina haja ya kutambulishwa kwa mtu wa Kagera, lakini msikilizaji wangu wa Dar es Salaam au Tanga huenda hajaiona ikitengenezwa. Ndizi za pombe huvundikwa mpaka ziive vizuri. Kisha humenywa na kutiwa katika mtumbwi, yaani gogo kubwa lililochongwa kama ule mtumbwi wa kuvulia samaki, na hapo hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi mpaka juisi itoke. Juisi huchujwa, huongezwa maji, halafu hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Mtumbwi hufunikwa kwa majani ya migomba, na baada ya siku moja au mbili rubisi iko tayari. Haichemshwi hata kidogo. Chachu inayoiumua hutoka kwenye mtama, kwenye ndizi zenyewe na kwenye ule mti wa mtumbwi, ambao umeshiba chachu kwa miaka mingi. Ndiyo maana wazee hawapendi mtumbwi usuguliwe kupita kiasi. Wana haki yao.

Sasa lipo jambo jipya. Rubisi ya namna hiyo haidumu. Siku ya tatu au ya nne inaanza kuwa siki, na mwenye nayo anabaki kuiuza kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo wapo, hasa akina mama walio katika vikundi, waliojifunza kuchemsha juisi ya ndizi, kuiumua kwa chachu ya kununua na kuifunga katika chupa kama mvinyo. Si jambo geni nchini. Pale Arusha kampuni ya Banana Investments imekuwa ikitengeneza kilevi cha ndizi tangu miaka ya 1990. Lakini kazi hiyo haiendi kwa mtumbwi wa mti. Inahitaji chombo cha kuchemshia na cha kuumulia, na chombo wanachoshauriwa kununua ni cha chuma kisichoshika kutu, kile ambacho mafundi wetu wanakiita stenlesi.

Mama mmoja alinikaribisha nyuma ya nyumba yake kunionyesha la kwake. Nilimwamkia, akaitikia, na bila kunizungusha akaniambia, "Mwanangu, hili pipa waliniambia halioti kutu. Hebu tazama mwenyewe." Nikatazama. Upande wa chini, karibu na bomba la kutolea, kulikuwa na madoa ya rangi ya chai ya rangi. Kwenye mstari wa kuchomelea kulikuwa na kutu halisi, ile ya kahawia inayobaki kwenye kidole. Na kwa ndani, ukipitisha kucha, ulikuta vishimo vidogo vidogo kama alama za ndui. Pipa halikuwa na umri hata wa miaka miwili, na marejesho ya mkopo wake yalikuwa bado.

Nilimuuliza analiosha kwa nini. Akanijibu kwa fahari kabisa, kwa maana yeye ni mtu msafi na boma lake linaonyesha. Alisema kwanza anasugua kwa stilwaya na mchanga mpaka ling'ae. Halafu anatia jiki na maji, analiacha lilale hivyo usiku kucha ili vijidudu vife. Asubuhi anamwaga na kuanza kazi.

Mpenzi msikilizaji, mama yule alikuwa akiliua pipa lake kwa usafi. Wala si kosa lake. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake kuosha sufuria ya alumini, na hivyo ndivyo tunavyofanya wengi wetu, mjini na shamba. Sufuria ya bati ikisuguliwa na mchanga inang'aa, na mwanamke anasifiwa. Ila stenlesi ni kitu kingine, na hakuna aliyekwenda kumwambia.

Ngoja nieleze, maana bila kuelewa jambo hili maelekezo yote yatakuwa ni kukariri tu. Chuma cha kawaida kikipata maji na hewa kinaota kutu, na kutu hiyo inabanduka, inaacha chuma kipya wazi, nacho kinaota kutu, mpaka kiishe. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na madini ya kromiamu, si chini ya asilimia 10 na nusu. Ile inayotumika sana kwa vyombo vya chakula ina kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8. Teknolojia hii haina umri mkubwa. Yule Mwingereza Harry Brearley wa mji wa Sheffield aliyesifika kwayo aliipata mwaka 1913, akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Kromiamu ikigusana na hewa hujitengenezea ngozi nyembamba mno, isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu. Ukiikwaruza, inajirudisha yenyewe, mradi tu mahali hapo pawe pasafi, pakavu na papate hewa.

Kwa hiyo sifa yote ya pipa lile iko katika ngozi. Sasa tazama tunachoifanyia. Stilwaya ni nyuzi za chuma cha kawaida. Ukisugua nayo, vipande vidogo sana hukatika na kujichomeka katika mikwaruzo. Vipande hivyo ndivyo vinavyoota kutu kwanza, na chini yake hewa haifiki, ngozi haijirudishi. Mchanga nao unachimba mifereji ambamo uchafu wa pombe unajificha. Juma linalofuata mama anakuta pipa linanuka siki ingawa ameliosha kweli kweli, kwa hiyo anasugua zaidi, na kwa kusugua zaidi anaongeza mifereji. Na jiki? Jiki ina klorini. Klorini ndiyo adui mkubwa wa ngozi ile. Dakika chache kwa jiki iliyozimuliwa sana, ikifuatwa na suuza ya uhakika, pengine haina madhara makubwa. Lakini kuilaza usiku kucha ni kuiachia ichimbe, na inachimba vile vishimo nilivyoviona. Kishimo kikishaanza, ndani yake kunaendelea kuoza hata kama jiki imekwisha kumwagwa. Chumvi nayo ni hivyo hivyo, ikiachwa katika maji baridi itulie chini ya sufuria.

Hapa pana jambo la hatari ambalo sitaki litupite, na ndugu zangu wa mijini nawaomba mlisikie vilevile, kwa sababu chooni na jikoni kwenu mnalifanya. Usichanganye jiki na limau, wala siki, wala kitu chochote kikali cha namna hiyo. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya klorini, na hewa hiyo hushambulia mapafu. Ndani ya pipa ambalo mtu ameingiza kichwa ili asugue chini, hewa hiyo inaweza kumwangusha kabla hajaita mtu.

Basi liosheweje? Mambo yenyewe si ghali, na mengi yako bustanini. Siri ya kwanza ni muda. Pipa lioshwe pale pale linapotoka pombe, kabla utando haujakauka. Utando mbichi unatoka kwa maji ya moto na dodoki. Naam, dodoki hili hili linalopanda juu ya ua, tunaloogea. Halikwaruzi, halina chuma ndani yake, na likichoka unachuma jingine. Utando ukikauka siku mbili ndipo watu wanapokimbilia mchanga.

Kama umegoma, tia maji ya moto yenye magadi, acha yakae saa moja au zaidi, kisha rudi na dodoki lako. Bibi zetu walitumia maji ya majivu, na walikuwa sahihi, kwa sababu majivu yakilowekwa yanatoa magadi yake mwenyewe ambayo hukata mafuta na uchafu wa vyakula. Ila chuja kwa kitambaa kwanza, yatumike maji yake tu, maana majivu yenyewe yana chengachenga zinazokwaruza. Halafu suuza. Hapo wengi wanakosea kwa kudhani kusuuza ni wingi wa maji, na kwa anayechota kwa ndoo hilo ni zito. Ndoo moja ya lita 20 ukiigawa mara tatu na kusuuza mara tatu, ukimwaga kabisa kila mara, unasafisha kuliko kuimimina yote kwa pamoja.

Kuna ukoko mwingine mgumu, mweupe au wa manjano mpauko, unaojijenga polepole kwenye kuta za pipa la pombe. Wazungu wanaotengeneza bia wanauita jiwe la bia. Ni chokaa iliyoshikana na masalia ya pombe, na magadi pekee hayaiwezi. Inayoiweza ni asidi ya limau. Kamua malimau ya kutosha katika maji ya moto, pangusa, acha kwa muda, dodoki, suuza. Limau hilo hilo linaondoa madoa ya rangi ya chai, kama yamekuwa madoa tu na bado hayajawa vishimo, na lina faida nyingine: linayeyusha vile vipande vya chuma vilivyoachwa na stilwaya na kuipa ile ngozi nafasi ya kujijenga upya. Viwandani wanafanya kazi hiyo hiyo kwa asidi ya limau iliyokaushwa kuwa unga. Magadi kwanza, limau baadaye, na suuza katikati. Ukiyatia pamoja yanauana na hukupata kitu.

Kuua vijidudu bila jiki kunawezekana. Maji yanayochemka yanatosha. Karagwe ni nyanda za juu na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, lakini joto hilo, likikaa dakika kadhaa huku pipa limefunikwa na mvuke ukigusa kila mahali, linawamaliza bakteria wa siki na chachu mwitu. Baada ya hapo pipa ligeuzwe kichwa chini juu ya vigogo viwili, hewa ipite, likauke. Sio kulifunika likiwa bichi. Ngozi inataka hewa, nimesema.

Na bomba la kutolea, ile koki! Nilimwomba mama aifungue. Hakuwa amewahi kuifungua tangu anunue. Humo ndani kulitoka kitu ambacho sitakieleza kwa sababu wengine mnasikiliza mkiwa mezani. Kuta zote zinaweza kung'aa kama kioo, lakini juisi inapitia pale, na pale ndipo siki inapoanzia. Koki ifunguliwe kila baada ya pishi, ichemshwe katika sufuria ndogo.

Kwa nje hakuna haja ya kuhangaika. Masizi ya kuni hayadhuru pombe. Paka udongo laini au sabuni nje ya pipa kabla ya kuliweka jikoni, kama akina mama wanavyofanya kwa sufuria za ubwabwa wa harusi, na masizi yatatoka kwa kupangusa.

Mtu ataniuliza: kwa nini basi asirudie pipa la chuma la kawaida, lile la mafuta, ambalo ni rahisi na kila fundi analijua? Swali zuri, na jibu lake linatoka kusini. Tangu mwaka 1929 madaktari huko Afrika Kusini wameandika juu ya watu wenye chuma kingi mno katika ini, na baadaye ikathibitika kwamba kilitoka katika pombe ya kienyeji iliyoumuliwa katika mapipa na masufuria ya chuma. Zimbabwe nako hivyo hivyo. Pombe ina ukali wa asidi, unayeyusha chuma, mnywaji anakimeza mwaka baada ya mwaka mpaka ini linaharibika. Mwaka 1992 wataalamu walionyesha kwamba huenda pia kuna watu wanaozaliwa na tabia ya kuhifadhi chuma mwilini kuliko wengine, lakini chombo kinabaki na lawama yake. Mabati ya zinki ndiyo mabaya zaidi kwa haraka, yanatapisha siku hiyo hiyo. Na madumu ya plastiki yaliyowahi kubeba dawa za kunyunyizia mashambani, hayo yasiguse kinywaji kabisa, hata yakioshwa mara kumi.

Nami sitaki mtu atoke hapa akidhani pipa safi linatakasa kila kitu. Januari 2015, huko Chitima, jimbo la Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Mara ya kwanza ilisemwa ni nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara baadaye ulionyesha ni sumu ya bakteria, iitwayo asidi ya bongkreki, ambayo haiishi kwa kuchemshwa, na iliyoshukiwa ni unga wa mahindi uliokwisha haribika. Mtama wa rubisi uliolowana ghalani na kuota ukungu hausafishwi na pipa la aina yoyote. Utupwe, na usipewe kuku.

Turudi kwa pipa letu, kwa sababu kuna mtu mwingine mwenye sehemu katika kutu ile, naye ni fundi. Ule mstari wa kuchomelea uliokuwa na kutu haukusababishwa na stilwaya. Fundi alichomelea stenlesi kwa fito za kawaida, zile za mageti na madirisha. Fito ya kawaida inaacha mshono wa chuma cha kawaida, na mshono huo lazima uoze hata ukiupigia magoti. Fito za stenlesi zipo, ni ghali zaidi, na mwenye pipa ana haki ya kuziona kabla kazi haijaanza. Hata zikitumika, ile rangi ya bluu na nyeusi inayobaki kando ya mshono baada ya moto ni dalili kwamba ngozi imeungua. Isuguliwe mpaka iishe kwa jiwe au brashi isiyowahi kugusa chuma kingine, na ndani ya pipa mshono uwe laini usiotega uchafu.

Na yule anayekwenda kununua, asitegemee sumaku peke yake. Watu wanasema sumaku ikinata si stenlesi. Zipo stenlesi halali zinazonasa sumaku, na zipo za bei ya chini zisizonasa lakini zina nikeli kidogo na zinaota kutu upesi. Ni heri kumdai muuzaji aandike kwenye risiti aina ya chuma alichokuuzia. Akikataa kuandika, umekwisha kujua.

Sasa nina neno kwa wanaotoa mikopo na kugawa vifaa kwa vikundi hivi. Siku ya kukabidhi kuna turubai, kuna mgeni rasmi, kuna ngoma, kuna picha. Pipa linapigwa makofi. Baada ya hapo harudi mtu, isipokuwa yule wa kukusanya marejesho. Katika shughuli zote hizo hakuna aliyepata nusu saa ya kumwonyesha mama yule namna ya kuliosha, wala karatasi moja ya Kiswahili. Nchi hii ina Shirika la Viwanda Vidogo, SIDO, tangu mwaka 1973. Ina Shirika la Viwango, TBS, tangu 1975, na tangu mwaka 2019 shughuli za usalama wa chakula zimehamia huko. Kuna mabwana na mabibi afya katika halmashauri. Siwalaumu kwa yote, wilaya ni kubwa na watu ni wachache. Ila mama anayetaka chupa yake ipate nembo ya ubora ataulizwa juu ya vyombo vyake, na ni dhuluma kumwuliza mtu swali la mtihani ambalo hakufundishwa.

Pipa la mama yule halijafa. Vishimo havirudi kuwa bapa, lakini fundi mwenye ujuzi anaweza kulainisha ndani na kuuchomelea upya ule mshono kwa fito inayostahili, kwa gharama iliyo mbali kabisa na ya pipa jipya. Tulipoagana alikuwa amemtuma mjukuu kwenda kuchuma malimau, na stilwaya amempa jirani mwenye sufuria za bati. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutatazama madumu ya maziwa, ambayo nayo yana habari yake. Hadi hapo, kwaherini.